Mwongozo kamili: kumsoma msichana wa Kilatino kwenye riwaya kwa kuanzia mlangoni kwao

Watu wengi wakipewa riwaya yenye binti wa Kilatino (wa familia ya asili ya Amerika ya Kilatini inayoishi Marekani) wanakimbilia kuandika "dhamira kuu ni utambulisho" halafu wanajaza kurasa tatu za maneno ambayo ukiyahamishia kwenye kitabu kingine chochote yanakaa vile vile. Mwalimu anaona, anachoka, anakupa C. Huu mwongozo ni kwa ajili ya mwanafunzi mwenye esei, wale wa vikundi vya kusoma, na hata wewe unayeandika hadithi zako na unataka kujua wenzako wanafanyaje nyumba ikawa mhusika.

Njia yangu ni rahisi sana: dhamira ziache kwanza, fuata nyumba. Nani ana ufunguo, nani analipa kodi, nani anaruhusiwa kukaa nje na mpaka saa ngapi, nani anakaa dirishani siku nzima na kwanini. Ukishayajua hayo, binti mwenyewe utamjua bila kubahatisha.

Kitabu nitakachokitumia sana ni The House on Mango Street cha Sandra Cisneros, kilitoka 1984, vipande 44 vifupi vifupi, msimulizi ni binti anaitwa Esperanza Cordero. Nakitumia kwasababu ni kifupi unakimaliza wikiendi moja, na kwasababu mwandishi mwenyewe ni mtoto wa Chicago, binti pekee kwenye watoto saba, baba Mmexico, na wazazi wake walinunua nyumba Humboldt Park katikati ya miaka ya 1960. Ila usije ukachukulia kitabu ni maisha yake neno kwa neno, hiyo ni kosa la kwanza watu wanalofanya. Esperanza ana ndugu wa kiume wawili na mdogo wa kike. Cisneros alikuwa na ndugu wa kiume sita na hana dada. Alibadilisha makusudi.

Hatua ya 1: Usiseme "Mlatino" ukaishia hapo

Jiulize familia imetoka wapi na imeshukia wapi. Wamexico wa Chicago, Wapuerto Rico wa East Harlem (wenyewe wanapaita El Barrio), Wadominika wa Harlem na Washington Heights, Wacuba wa Miami, wote wanawekwa kapu moja lakini riwaya zao haziogopi vitu vile vile. Mpuerto Rico ana uraia wa Marekani tangu sheria ya 1917, kwahiyo mtu wa uhamiaji hagongi mlango wake, wakati kwenye riwaya za familia za Kimexico au za Amerika ya Kati mlango unaweza kugongwa wakati wowote na kila mtu ndani anajua. Andika sentensi moja tu kwenye daftari: familia ya nchi gani, mji gani, mtaa gani, miaka gani. Hiyo sentensi itakuokoa baadaye.

Hatua ya 2: Chora nyumba kwenye karatasi

Sitanii, chora. Chukua penseli, soma tena kurasa za mwanzo, weka kila kitu kinachotajwa. Nyumba ya Mango Street ni ndogo, nyekundu, ngazi za mbele zimebanana, madirisha madogo mpaka unadhani yamebana pumzi, matofali yanamomonyoka, na mlango wa mbele umevimba kiasi kwamba lazima uusukume kwa nguvu ndo uingie. Mbele hakuna bustani, kuna miti minne tu ya manispaa pembeni ya barabara. Nyuma kuna gereji ya gari ambalo hawana. Bafu ni moja, na Esperanza analala chumba kimoja na mdogo wake Nenny.

Ukimaliza kuchora, tafuta kitu kimoja kinachomkera binti kila siku, kisha kifuate mpaka mwisho wa kitabu. Mimi huwa nafuata bafu. Nyumba aliyoahidiwa na wazazi ilikuwa na mabafu angalau matatu, ili mtu akienda kuoga asilazimike kuwatangazia wote. Huyo ni mtoto ambaye hata kuoga kwake ni habari ya familia nzima. Sasa ruka mpaka kipande cha karibu na mwisho, anapoota nyumba yake mwenyewe: sio flati, sio nyumba ya mwanaume, sio ya baba, ni yake, imetulia, safi kama karatasi kabla ya shairi kuandikwa. Unaona ilivyotembea? Imeanza kama foleni ya bafu, imeishia kuwa nafasi ya kuandika. Esei nzima unaweza kuijenga juu ya huo mstari mmoja na nakuhakikishia darasani hamna mwingine atakayekuja nao.

Hatua ya 3: Pembeni chora nyumba iliyoahidiwa, halafu tafuta siku ya aibu

Karibu kila riwaya ya aina hii ina nyumba mbili, ya kuishi na ya kuahidiwa. Kwa Esperanza baba anaitaja hiyo ya ahadi akiwa ameshika tiketi ya bahati nasibu, mama anaisimulia kabla ya kulala: nyeupe, miti kuizunguka, nyasi bila uzio, ngazi za ndani kama za kwenye TV. Na hata hii nyekundu wanaambiwa ni ya muda tu. Esperanza anasema anajua mambo ya muda yanavyokuwaga (na wewe unajua, kama umewahi kupanga "kwa muda" unanielewa).

Ila uwe fea kwa wazazi. Nyumba hii ni yao kabisa, hawalipi kodi, hawashei uwanja na wa chini, hakuna mwenye nyumba wa kugonga dari kwa fagio kisa kelele. Kabla ya hapo walikuwa flati ya Loomis, wakatoka haraka kwasababu mabomba yalipasuka na mwenye nyumba akakataa kutengeneza. Kwa baba na mama Mango Street ni ushindi na kwa binti ni aibu, nyumba ni ile ile. Watu wengi wanaandika upande wa binti tu na wanapoteza nusu ya kitabu.

Siku ya aibu yenyewe ni ya kule Loomis kabla hawajahama, mtawa wa shuleni kwao alipopita akamkuta anacheza nje, akamuuliza anakaa wapi. Binti akanyoosha kidole juu, ghorofa ya tatu. Mtawa akauliza: unakaa PALE? Ikabidi mtoto naye aangalie kama anaona kwa mara ya kwanza, rangi inabanduka, mbao baba alizopigilia dirishani ili wasianguke. Mpaka dakika ile ilikuwa nyumbani tu.

Halafu kuna nyingine watu wanairuka, ya siku aliyotaka kula canteen ya shule kama watoto wanaokaa mbali. Mkuu wa watawa anamwambia wewe hukai mbali bwana, anamsogeza dirishani, ananyooshea majengo mabovu, ni pale eh? Sio pale. Lakini Esperanza anaitikia ndiyo huku analia. Hapo pigia mstari kwa wino mwekundu. Mtoto amekubali nyumba isiyo yake kwasababu mwenye mamlaka ameshaamua watu wa sampuli yake wanakaa majengo ya namna ile, na yeye hana nguvu ya kubisha. Ukitaka kueleza mtaa unavyompa mtu utambulisho kwa lazima huhitaji nadharia yoyote ya profesa, ni hilo dirisha la shule.

Hatua ya 4: Hesabu madirisha na uandike nani amekaa

Hii ndo hatua nene kuliko zote, usiikimbize.

Tengeneza orodha ya wanawake wa mtaani na mahali walipo. Anza na bibi mzaa bibi ambaye Esperanza amerithi jina lake, alikuwa mwanamke mkali kama farasi mpaka mume alipomchukua kwa nguvu, akamalizia maisha akiangalia nje dirishani. Rafaela bado kijana lakini mume anamfungia ndani kwasababu ni mzuri na anaogopa atatoroka, kila Jumanne mume akienda kucheza domino yeye anatupa dola dirishani ili watoto wamnunulie juisi ya nazi au papai, halafu anashusha mfuko kwa kamba waitie humo. Mamacita yupo ghorofa ya tatu, hashuki, anasikiliza redio ya Kihispania na kuimba nyimbo za kwao. Marin ametoka Puerto Rico, usiku anasimama mlangoni chini ya taa ya barabarani anacheza peke yake akisubiri gari lisimame libadilishe maisha yake. Sally anapigwa na baba yake, anaolewa kabla hata ya kumaliza darasa la nane, anapata nyumba yake yenye mito na sahani, na mume hamruhusu hata kuangalia nje dirishani.

Ona kilichotokea kwenye orodha yako. Sally alipata kile kile Esperanza anachokiota, nyumba. Na ndani ya hiyo nyumba amepewa nafasi ndogo kuliko hata ya bibi mzaa bibi, maana yule angalau dirisha aliachiwa. Ndo maana Esperanza anapoota nyumba anaweka masharti, sio ya mwanaume, sio ya baba. Hayo masharti hakuyatoa shuleni wala kwenye kitabu cha mtu, ameyasoma kwa majirani.

Weka na wale wawili wasiokaa vizuri kwenye orodha. Minerva, mkubwa kidogo tu kwa Esperanza, ana watoto wawili na mume wa kuingia na kutoka, anaandika mashairi kwenye vikaratasi usiku watoto wakilala. Na Alicia, mama yake amefariki kwahiyo kazi ya kuamka alfajiri kutengeneza tortilla (chapati za Kimexico) imemwangukia yeye, halafu anapanda treni mbili na basi kwenda chuo kwasababu hataki kuishia kiwandani au nyuma ya kijiti cha kusukumia. Wapo mtaa huo huo, umaskini huo huo. Kwahiyo usiandike kwamba mtaa ni gereza ukafunga daftari, mtaa huo huo ndo umemfundisha kwamba inawezekana kuandika ukiwa na watoto na kusoma ukiwa na tortilla za asubuhi.

Kuna eneo pia la hatari za nje, bustani ya nyani na ile siku ya maonesho ambapo Esperanza anaumizwa na Sally hayupo kumsaidia. Ukiifikia, iandike kwa heshima, na usiilazimishe iwe "tukio la kumkomaza". Nimeona esei nyingi zinasema hivyo na inakera.

Hatua ya 5: Chora mpaka wa mtaa

Toka nje sasa. Swali ni moja, mtaa unaishia wapi na nani anaogopa nini akivuka. Kuna kipande kifupi sana kinaitwa Those Who Don't, wageni wakiingia barrio (mtaa wa Walatino) wanatetemeka wakidhani watavamiwa kwa visu, wakati Esperanza na wenzake wanawajua wote, yule mwenye jicho bovu ni kaka wa nani, yule mrefu wa kofia ni nani. Wote wa rangi ya kahawia, wapo salama. Lakini wao wakipita na gari mtaa wa rangi nyingine magoti yanacheza na vioo wanapandisha juu. Cisneros hajamwonea huruma mtu hapo, kila mmoja ana mtaa wake wa kuogopa.

Unganisha na Cathy, jirani wa mwanzo kabisa, anayemwambia Esperanza familia yao inahama kwasababu mtaa unaharibika. Anayeuharibu ni nani? Ndo huyo huyo anayeambiwa. Anaambiwa usoni, na mtoto mwenzie, kwa roho safi kabisa.

Hatua ya 6: Tafuta kwanini wapo hapo

Hii inataka nusu saa ya maktaba au intaneti na inatenganisha esei ya kawaida na ya maana. Loomis, Keeler na Paulina, mitaa waliyopita akina Cordero, ni barabara za kweli Chicago. Kuhamahama kwao sio uzembe wa baba. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba lilichora ramani za miji, maeneo ya weusi na wahamiaji maskini yakapakwa nyekundu maana yake hatari, na mabenki yakawa yanakwepa kukopesha huko, nyumba zikaachwa zichakae. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1960 eneo la Near West Side lililokuwa na Wamexico wengi likabomolewa kupisha kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois iliyofunguliwa 1965, wengi wakasogea Pilsen, mtaa ambao zamani ulikuwa wa Wacheki na jina lenyewe limetoka huko. Humboldt Park nako mwaka 1966 Wapuerto Rico walipambana na polisi barabara ya Division, na leo pale pale kuna bendera mbili kubwa za chuma za Puerto Rico zilizosimamishwa 1995.

Siku hizi balaa limegeuka, Pilsen na Humboldt Park vinapendwa na wenye hela, kodi inapanda na familia zinasukumwa nje. Kwahiyo ukisoma riwaya mpya ya Chicago angalia kama binti anaogopa kubaki mtaani au anaogopa mtaa utaondoka yeye akiwepo.

Usijaze historia esei nzima lakini. Sentensi tatu zinatosha, na ziwe zinaeleza kitu kilichopo kwenye ukurasa, mfano yale mabomba ya Loomis.

Hatua ya 7: Sikiliza lugha inayosikika chumba kwa chumba

Fupi tu. Andika Kihispania kinasikika wapi na Kiingereza kinaingilia wapi. Kwa Mamacita Kiingereza kiliingia kupitia mtoto wake mdogo, ndo kwanza anaanza kuongea na anaimba tangazo la Pepsi la kwenye TV, na mama analia anamkatalia. Amefunga mlango, hashuki ngazi, na bado nchi ya watu imemfuata mpaka kwenye kitanda cha mtoto.

Hatua ya 8: Mlete binti wa pili

Kitabu kimoja kinaweza kukudanganya ukadhani Walatino wote ni Mango Street. Chukua The Poet X ya Elizabeth Acevedo, 2018, riwaya yote ni mashairi, Xiomara Batista wa Harlem, wazazi kutoka Jamhuri ya Dominika. Inaanzia kwenye ngazi za mbele ya jengo, amekaa kabla mama hajarudi kazini, na tayari umeshaambiwa kila kitu: ngazi ni zake kwa saa chache tu. Ndani mama amejaza kanisa mpaka sebuleni, akimkamata na kosa la mvulana anampigisha magoti juu ya mchele mbele ya Bikira Maria. Sehemu pekee ya Xiomara ni daftari, na mama analichoma moto. Linganisha: Esperanza anabanwa na macho ya watu wa nje na kukosa nafasi, Xiomara anabanwa na mama mwenyewe. Kwa wote wawili kuandika ndo chumba.

Ukitaka wa tatu, I Am Not Your Perfect Mexican Daughter ya Erika L. Sánchez, 2017, Chicago tena. Julia dada yake Olga amekufa, na anapekua chumba cha yule "binti mwema" akakuta vitu ambavyo mama akiviona atazimia. Maana yake hata anayekaa nyumbani, anayetii, alikuwa na maisha mengine nje ya nyumba. Na kama unataka ya zamani zaidi kuna Nilda ya Nicholasa Mohr, 1973, El Barrio ya wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, inafunguka na joto la kiangazi na watoto wanaocheza maji ya bomba la zimamoto mpaka polisi anapokuja kulifunga.

Kwa maoni yangu ya Acevedo ndo inamtendea haki mama kuliko zote, huyu mama unamkasirikia na bado unamwelewa. Cisneros akina mama wake wanapita haraka mno.

Hatua ya 9: Soma kuondoka kwa makini

Hapa ndo esei nyingi zinaharibika, mtu anaandika "mwisho anaondoka na kuwa huru". Rudi usome. Wale dada watatu wazee kwenye msiba wanamwambia ukiondoka ukumbuke kurudi kwa ajili ya wasioweza kutoka kirahisi. Alicia anamwambia upende usipende wewe ni Mango Street. Esperanza anabisha, mpaka mtu aitengeneze, na anacheka, atakayekuja kuitengeneza ni nani, meya? Na kabla ya hapo kwenye ndoto yake ya nyumba kubwa ameshapanga kuwaweka watu wasio na makazi darini kwasababu anajua kukosa nyumba kukoje. Hata ndoto ya kuhama ameijaza watu wa mtaani.

Kwahiyo ukiulizwa "je, mhusika anaukana au anaukubali mtaa wake" usichague upande mmoja. Sema anautaka uwe nyuma yake na mkononi mwake kwa wakati mmoja, halafu onesha kurasa.

Hatua ya 10: Sasa andika

Hoja yako iwe na kitu kinachoshikika. Hoja mbovu: "Nyumba na mtaa vinachangia kujenga utambulisho wa Esperanza." Hoja inayosimama: "Esperanza anajifunza kutaka nyumba yake mwenyewe kwa kuangalia wanawake waliofungiwa kwenye nyumba za waume na baba zao, ndo maana ndoto yake inaanza na orodha ya wanaume wasiokuwemo." Ya pili ina ushahidi ndani yake, unajua aya ya kwanza itamtaja nani.

Kila aya ibebe sehemu moja tu, bafu, dirisha, ngazi, mpaka wa mtaa. Nukuu iwe fupi, mstari mmoja, halafu wewe uongee mistari minne. Ukikuta aya yako haina mlango, dirisha, mtaa au jina la mtu, ifute, hiyo ni ile ya kubandika popote.

Kama wewe ni mwandishi wa hadithi, zoezi ni hilo hilo kinyumenyume: kabla hujamwandika binti wako, amua analala na nani chumba kimoja, ufunguo anao nani, akichelewa saa moja nani anajua wa kwanza, na siku gani mgeni aliiangalia nyumba yao vibaya. Andika hiyo siku ya mwisho kwanza, kurasa mbili, usimpe binti neno la kujitetea, uone atakachofanya kesho yake.